Chumba cha Pinki

Fundi rangi, jirani yangu, amepaka nyumba nusu ya mtaa, na zote kwa rangi zilizopoa: maziwa, krimu, kijivu. Ukimletea habari za rangi za kuwaka atakununia. Lakini kwake kuna chumba cha pinki iliyokolea mpaka inakaribia wekundu. Ukiingia mchana na shati jeupe, nalo linageuka pinki. Rangi hiyo aliichagua binti yake akiwa bado na mapengo, na baba, mbishi kwa wateja wote, hakufua dafu kwake.

Binti ameolewa mbali. Mama yake alishafariki. Fundi anakula amesimama, kwenye sufuria hiyohiyo aliyopikia. Ukimuuliza hali atakwambia hana neno. Uongo mtupu.

Siku moja binti alimpigia simu. "Baba, chumba changu kinakaa bure. Kipangishe, upate hata mtu wa kusalimiana naye."

"Nitakipaka nyeupe kwanza," fundi akasema.

Akapaka kweli. Sasa, pinki ya namna ile haifunikwi hivihivi. Unatanguliza praima, rangi ya chini ya kuziba, la sivyo wekundu unapanda juu. Yeye, fundi mzima, akapaka nyeupe tupu. Ukuta ukaamka na mabaka ya pinki. Akarudia mkono wa pili, bila praima. Mabaka yakarudi.

"Fundi, unajitia hamnazo?" nikamuuliza. Akacheka, akaanza habari za mvua.

Wapangaji walichungulia, wakaguna, wakaenda zao. Mwanzoni aliniudhi. Baadaye nilimwonea huruma, maana nilijua anamngoja nani.

Binti alipopiga tena nilikuwepo. Mikono ya fundi ilikuwa na rangi, kwa hiyo akaweka spika.

"Umepata mtu, baba?"

"Bado. Rangi haijakauka."

Binti yule amekulia kwenye makopo ya rangi. Anajua inakauka kwa muda gani.

"Baba," akasema taratibu, "weka praima. Mimi sirudi kukaa hapo tena."

"Sawa, mama," fundi akajibu.

Simu ilipokatika, akaniomba tusaidiane kutoa kitanda cha binti. Muda wote ule alikuwa anapaka akikizunguka.