Joto la Kipa Wetu

Mwaka wa kwanza wa korona nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilikuwa nasomea uuguzi katika chuo kimoja Parramatta, Australia, na siku nne kwa wiki nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Barafu niliyoijua mimi, mtu wa Tanga, ni ile ya kutia kwenye juisi. Siku moja kijana wa darasani kwetu alinifuata nje ya maktaba. Alikuwa nahodha wa timu ya wanaume ya chuo ya hoki ya barafuni, na alikuja na ombi.

Msimu ulikuwa umesimamishwa kwa miezi kadhaa, sasa umeruhusiwa kuanza, lakini kila timu ilitakiwa iwe na mtu wa afya wa kupima joto mlangoni, kuandika majina na kuhakikisha wachezaji hawanywi maji chupa moja. Bila mtu huyo hawafunguliwi uwanja. Wengi waliokuwa wakisaidia timu walikuwa wanafunzi wa kutoka ng'ambo. Walikwenda kwao likizo, mipaka ikafungwa wakiwa huko huko. Hata wachezaji walibaki kumi na mmoja tu. Nilimwambia nitajaribu wiki mbili. Nikakaa nao mpaka mwisho.

Vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa vimefungwa, kwa hiyo vijana walivaa kwenye maegesho ya magari, katika baridi ya Julai, maana huko Julai ndiyo kipupwe. Mmoja amekaa kwenye buti la gari anafunga kamba za viatu vya kutelezea, mwingine anahangaika na suruali iliyojaa sponji, na mama wa watu anapita na toroli lake la sokoni akijifanya haoni. Mimi nasimama mlangoni na koti refu, hijabu na barakoa, nawaelekezea kipima joto kwenye paji la uso, mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya thelathini na saba na nusu, haingii mtu. Mchezo ukianza nakaa benchi, nawafungulia kijilango wanaotoka na wanaoingia. Ilinichukua mechi tatu kukiona kile kidude cheusi wanachokigombania, kidogo kama kisosi na chepesi kupotea machoni.

Kipa alikuwa Mrundi, amezaliwa kambini Kigoma na kuletwa Australia akiwa na miaka tisa. Akitoka darasani alikwenda kupakia mizigo ghalani Wetherill Park. Kuteleza alijifunza alipokuwa msafishaji wa uwanja wa barafu. Msimamizi alimruhusu aingie asubuhi kabla ya wateja. Wenzake waliniita kwa jina langu kavu, kama ilivyo ada ya huko. Yeye peke yake aliniita mama, na kila Alhamisi baada ya mazoezi tulisimama kidogo tukazungumza Kiswahili, changu cha pwani na chake cha kambini, kilichoingiliwa na Kifaransa cha baba yake.

Mechi nne za mwanzo tulifungwa zote. Halafu kipa akashika, nahodha akaanza kufunga, na tukaja kuipata nafasi ya nne, ya mwisho ya kuingia nusu fainali.

Jumamosi ya nusu fainali kipa alifika kwa kuchelewa, macho mekundu. Nikampima. Thelathini na nane na nukta moja. Nikamkalisha nje dakika kumi apoe, maana alisema amekimbia kutoka stesheni. Nikapima tena, ikawa nukta tatu. Wenzake wote walikuwa wamesimama nyuma yake na fimbo zao, wananitazama. Kipa wa pili hatukuwa naye.

Akainama kidogo, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayeuliza saa.

"Mama, andika thelathini na sita tu. Hapa hakuna mtu anatusikia."

Kweli hawakuelewa neno. Na mimi nilitaka kuandika. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimewaona wale vijana wakifungwa mabao tisa na kurudi tena mazoezini.

"Mwanangu, nimekusikia mimi," nilimwambia. "Na kesho asubuhi nakwenda kulisha wazee kwa kijiko."

Hakubishana. Akavua kofia yake ya chuma, akaenda kukaa ukutani, mbali na watu.

Nahodha alikwenda kuwaarifu wasimamizi. Bila kipa hatukuweza kucheza, na wapinzani wakapewa ushindi wa mezani. Vijana wakavua nguo pale pale maegeshoni bila kusema nami. Mmoja tu alisema, na nilimsikia, kwamba msimu wao umemalizwa na mwanamke asiyejua hata sheria za mchezo. Nahodha akafungua vioo vyote vya gari, akamweka kipa kiti cha nyuma, akampeleka kupimwa.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani Auburn ndipo nilipokumbuka Alhamisi. Mkanda wa kofia ya kipa ulikuwa umekatika, nami niliushona kwa mkono, nimemwinamia, uso karibu na uso. Ijumaa asubuhi nikaenda kazini. Niliwahudumia wazee sita siku ile, na mmoja wao, bibi wa miaka tisini na mbili, alikuwa na tabia ya kunishika mkono na kuuweka shavuni pake kabla hajakubali kufungua kinywa.

Nilimpigia meneja wangu, nikamwambia kila kitu. Akanitaka nibaki nyumbani mpaka majibu ya kijana yatoke. Binti yangu, wa miaka kumi na tano, aliniwekea chakula mlangoni pa chumba. Nikimsemesha kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, kama siku zote, ila siku zile mbili alikuwa akikaa sakafuni upande wa pili wa mlango na kunihadithia mambo ya shule hata nisipouliza. Mimi namsikia, lakini akili iko kwenye shavu la yule bibi. Nilisali kuliko nilivyosali Ramadhani nzima.

Jumatatu kabla ya adhuhuri simu ililia. Alikuwa kipa, sauti inakwaruza.

"Mama, si korona. Ni tonsesi."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akasema amepewa na dawa. Nikamshukuru Mungu, nikakaa kitandani, nikalia, kisha nikacheka, mpaka binti yangu akafungua mlango bila kubisha hodi na kunikuta katika hali ile. Nikamkumbatia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Meneja akaniambia nirudi kazini kesho yake.

Aibu ilikuja jioni. Nilikuwa nimewafutia vijana msimu wao kwa sababu ya tonsesi. Nikampigia nahodha, nikiwa nimejiandaa kuomba radhi na kuachia nafasi yangu. Akanikatiza. Baba yake alikuwa na ugonjwa wa mapafu, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote katika timu, na tangu Jumamosi alikuwa akilala ndani ya gari, nje ya nyumba yao, akiogopa kuingia ndani.

"Ungeandika thelathini na sita," aliniambia, "mimi ningelala nyumbani, chumba cha pili na baba, bila kujua nimebeba nini."

Nafasi yangu nikabaki nayo.

Siku mbili baadaye kukatokea jambo ambalo hatukulitegemea. Wapinzani wetu waliwaandikia wasimamizi kwamba hawataki kwenda fainali kwa ushindi wa mezani. Wanaomba mechi ichezwe. Wasimamizi wakakubali, wakaisogeza fainali, wakatupa Jumatano ya wiki ya pili, saa tisa alasiri. Kipa alifika mapema kuliko wote. Thelathini na sita na nukta nne. Nikamwonyesha kioo cha kipima joto, akajisomea mwenyewe.

Tulifungwa mabao manne kwa matatu. La nne lilimpita kipa wetu chini ya goti, zikiwa zimebaki dakika mbili. Filimbi ilipolia nilidhani nitaona watu wanalia. Badala yake walimrukia kipa wote kumi, wakaanguka naye barafuni rundo moja, kama waliochukua kombe. Yule aliyenisema maegeshoni alikuja ameinamisha kichwa, barakoa kidevuni. Nikamwambia aivae sawasawa. Akaivaa, akasema asante, na akanibebea sanduku la vifaa mpaka nje.

Mwaka uliofuata mji ulifungwa tena katikati ya majira ya baridi, sisi wa vitongoji vya magharibi tukabanwa kuliko wengine, na timu haikufika hata nusu ya mechi zake. Lakini jioni ile ya Jumatano hayo hatukuyajua. Binti yangu alikuwa amekuja kutazama, tukashuka pamoja stesheni ya Auburn, tukanunua kuku wa kuchoma na mikate, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kuandaa meza, tulikula tumesimama jikoni.