Kidole Gumba Kilichorudi Kazini

Watu hudhani mpiga nyatiti, kile kinubi chetu cha nyuzi nane, anatumia mikono tu. Waongo. Nyuzi ni za mikono, sawa, lakini mdundo ni wa mguu: unavaa pete nzito ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, unagonga mbao ya chombo, na hapo ndipo wazee wanatikisa mabega. Bila kidole hicho mimi ni mkuna nyuzi tu. Basi lori liliponigonga Isebania, likanivunja miguu yote miwili na kuiacha nyatiti bila hata mkwaruzo, niliikasirikia nyatiti kwanza.

Nikatiwa vyuma, vikatolewa, vikatiwa vingine. Mifupa ikaunga, kidole gumba kikagoma. Mama wa mazoezi pale hospitali ya Migori alinibonyeza unyayo akisema, "Jaribu, baba." Nikamwambia jaribu wewe, yawa, hiki hakinisikii tena, kimeoa kwingine. Lakini nilijaribu, asubuhi na jioni, natoka jasho kama mchimba choo, mke wangu amekaa pembeni anachambua omena na kunicheka. Siku moja kikanyanyuka. Kidogo tu, kama mtu aliyeamshwa akafungua jicho moja.

Wakati huo binamu yangu alikuwa ameshika kazi zangu zote. Ana kinanda cha stima na spika kubwa kama kabati. Anabonyeza kitufe, ngoma inajipiga yenyewe, naye anakunywa soda. Ni familia moja tu ya Homa Bay, iliyokuwa inamzika mzee aliyenipenda, iliyonikumbuka. Na mwenye msiba hakunificha: "Ndugu yangu, ukikwama, binamu yako anaendelea. Tumemwambia aje na vyombo vyake." Kweli, nilimkuta na waya mkononi, anatafuta soketi. Nilijua nikishindwa hapo sitaitwa tena popote, kuanzia Rongo hadi Rusinga.

Nilianza vizuri. Wimbo wa pili kidole kikatetemeka. Wa tatu, mguu mzima ukawaka moto. Hapo ujanja ukanijia. Kwetu kuna pakruok: mtu yeyote anaweza kusimamisha muziki, atoe chochote, ajisifu mbele ya watu mpaka atosheke, na mpigaji lazima anyamaze amsikilize. Basi kila kidole kilipotaka kuzimika, nilitafuta mwenye majivuno nikamchokoza kwa wimbo. Nilimwimba mwalimu mkuu mmoja mstaafu kwamba nasikia ng'ombe wake wamekonda. Aliruka kama ameumwa na siafu! "Simamisha!" Akawasifu ng'ombe mmoja mmoja, mimi nimenyoosha mguu, napumzika. Nikamchokoza dada mwenye duka la nguo, naye akasifu viatu vyake mpaka nikatokwa machozi kwa kicheko. Binamu yangu hakuelewa kwa nini matanga yamenoga hivyo na muziki wenyewe ni kidogo.

Lakini majivuno nayo huisha. Jioni waliobaki ni walokole na wagonjwa wa presha, hakuna wa kuchokozeka. Kidole kikakataa. Pigo moja likakosekana, na la pili. Niliogopa, nasema ukweli, niliogopa kuliko siku ya lori. Binamu akawasha spika, nikazisikia zikivuma.

"Simamisha!"

Alikuwa mke wangu, ambaye hajawahi kujisifu hadharani, hata kwa chapati zake. Aliweka noti mbele yangu, akashika kiuno.

"Mimi ndiye mwenye mguu huu! Mimi ndiye niliyemwambia kila asubuhi, baba watoto, jana ulipolala kidole kilikuwa kinacheza. Akaamini, akaendelea kujaribu. Hakikucheza! Hata usiku mmoja! Nilikaa nakitazama, kimelala tu. Nimemdanganya mwaka mzima, na kama kuna mwanamke hapa anayenishinda kudanganya, asimame!"

Watu wakapiga vigelegele na kucheka. Mimi sikuweza. Habari hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani kila siku. Nilikuwa naulizia kabla ya chai. Yeye aliendelea kujisifu, akafika mwisho, akarudi mwanzo, hana haraka, jicho lake liko kwenye mguu wangu. Ulipoacha kutetemeka, akanyamaza.

"Sasa piga," akaniambia.

Nikapiga mpaka giza, machozi yananitiririka mbele ya binamu yangu, na wala sikujali.