Mshono Mwekundu wa Karani

Karani alikuwa mjane wa mtu mwaminifu, na hicho ndicho kilichomponza. Marehemu mumewe alikuwa mweka hazina wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kile cha nguo, na alipofariki hakupatikana hata adui mmoja wa kumtia doa. Basi kila uchaguzi wa tawi ulipokaribia, watu waligeuza shingo kuelekea stoo, ambako Karani aliandika majora yanayoingia na yanayotoka, wakasema: "Kura azisimamie mke wa marehemu. Yule hanunuliki."

Sifa hiyo aliipenda, hakukana. Ila mwaka huu aliomba wamsahau, kwa sababu mmoja wa wagombea wawili wa uenyekiti alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa mashine aliyeitwa Grisi kwa kuwa hata akioga mara ngapi, kucha hazikutakata. Karani alieleza kwa ufasaha kwa nini haifai. Kamati ilimsikiliza kwa heshima, kisha ikakataa. Aliyekataa kwa kelele zaidi alikuwa mpinzani wa Grisi mwenyewe, mkata vitambaa mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ndiyo maana akaitwa Spika.

"Abaki!" alisema. "Nataka nimshinde huyu Grisi mbele ya macho ya shemeji yake. Na nikishindwa, nitajua pa kuuliza."

Neno hilo la mwisho lilimkaa Karani kooni kama mwiba wa samaki. Ikionekana hila hata ndogo kama chembe ya mchanga, watu hawatasema Grisi ameiba. Watasema nyumba ya marehemu imeiba.

Mambo yalianza kwenda mrama mapema. Sanduku la kura, la chuma, lilikuwa limeazimwa na tawi jingine likarudi bila funguo. Ikabidi ushonwe mfuko wa turubai. Kura zingepigwa siku mbili: zamu ya asubuhi ikitoka kazini, na kesho yake zamu ya jioni kabla haijaingia. Mfuko ungelala katikati hapo, na kanuni ya chama ilikataza kura kulala ofisini kwa mwajiri. Wakakubaliana ulale chumba cha ukaguzi wa nguo, chini ya macho ya mawakala wawili, mmoja wa kila mgombea.

Siku ya kwanza ilitosha kumzeesha mtu. Mmoja alitoka nyuma ya pazia akauliza kama anaweza kuwachagua wote, maana wote ni majirani zake. Mwingine alimwinamia Karani sikioni: "Dada, nimempa Grisi, ila nilimwahidi Spika. Akikuuliza, mwambie nimempa yeye."

"Mama, kura ni siri!"

"Ndiyo maana nakwambia wewe tu."

Foleni ilipokwisha, Karani alikunja mdomo wa mfuko, akachukua sindano nene na uzi mwekundu, akaushona mwenyewe mbele ya wote. Kiwanda kizima kilijua kushona isipokuwa yeye. Nyumbani kwao yeye alipelekwa shule, dada zake wakafundishwa cherehani. Mshono wake ulipanda na kushuka, hapa mrefu kama kidole, pale umebanana, na mwishoni akafunga fundo kubwa kama njegere.

"Huo ndio muhuri wangu," alitangaza, kidevu juu. "Hakuna mtu humu anayeweza kuuiga."

"Kweli kabisa, mama," alisema Spika. "Kushona vibaya namna hiyo lazima mtu akasomee."

Walicheka wote, na Karani akaondoka akiwa ameridhika.

Mchana uliofuata alikwenda kuuchukua mfuko. Ulikuwa palepale mezani, mawakala pembeni wakipiga miayo. Aliutazama, akavaa miwani, akautazama tena. Uzi ulikuwa mwekundu uleule, lakini mishono ilikuwa midogo, imelingana kama punje za mahindi. Njegere yake haikuwapo.

"Nani ameugusa?"

Mwanamke mnene aliyening'iniza mkasi shingoni alitabasamu. Alikuwa Bi Mkasi, mkaguzi wa zamu ya jioni, ambaye kazi yake ilikuwa kufumua kila mshono mbaya na kuurudia, na leo alikuwa amewahi ili apige kura.

"Ni mimi, dada. Wala usinishukuru."

"Nikushukuru!"

"Ule mshono ulikuwa unanitazama tangu naingia kazini jana. Nikavumilia, nikavumilia. Nikasema, mgeni akija akaona kitu kama kile kimetoka kiwandani kwetu, tutaficha wapi nyuso? Nikaufumua."

"Bi Mkasi, umefumua muhuri wa uchaguzi!"

"Nimefumua mshono. Kura zenu sikuzigusa, nizifanyie nini mimi?"

Karani aliwageukia mawakala. "Na ninyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwepo," alijibu wakala wa Grisi. "Mimi nilimmulikia taa."

"Mimi nilimshikia kitambaa kisipinde," alisema wakala wa Spika. Tangu kampeni zianze, hao wawili hawakuwahi kukubaliana jambo lolote ila hilo.

Karani alikaa chini. Alijua hakuna aliyeiba. Alijua pia kwamba nje ya chumba kile hakuna ambaye angeliamini hilo.

Habari ilipowafikia wagombea, Grisi alikuja akamvuta nyuma ya majora. "Shemeji, yaishe. Mawakala wote wameona. Zamu ya asubuhi ni watu wangu, wamejaa mle mfukoni. Ukirudia, nusu yao hawatarudi."

"Mfuko umefumuliwa."

"Na mkaguzi! Kaka angekuwa hai asingenifanyia hivi."

"Kaka yako angekuwa hai usingethubutu kumwomba."

Cha ajabu, Spika naye hakupinga. "Tuendelee tu, mama, tuhesabu," alisema kwa upole ambao haukuwa wake. Karani alimwelewa vizuri. Akishinda angenyamaza, akishindwa, mshono ule ungetangazwa hadi sokoni, na watu wangesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Aliubeba mfuko hadi kwenye tanuri la boila, kamati ikimfuata kwa minong'ono. Akaufumua, akazimimina kura zote motoni bila kukunjua hata moja. "Tunaanza upya Jumatatu," alisema. Wakamzomea, zamu zote mbili.

Jumatatu alasiri mvua ilimwagika kama iliyotumwa. Zamu ya asubuhi ilitazama mawingu, ikatazama foleni, na wengi wakakimbilia makwao. Karani alisimama mlangoni akiwaita, sauti ikamkauka. Kisha akaushona mfuko kama mara ya kwanza, vibaya vilevile, na juu yake akaandika kwa chaki: USITENGENEZE. Bi Mkasi alipoingia kazini akausoma, akaguna.

"Basi nigeuzieni meza," alisema. "Nikikaa nautazama sitaweza."

Kesho yake zamu ya jioni ilipiga kura, mfuko ukafumuliwa mbele ya wote, na Spika akashinda. Alipanda juu ya meza ya kukatia akapaza sauti kwamba tangu kiwanda kijengwe hakujawa na uchaguzi safi kama huu, na kwamba atakayeutilia shaka aje kwake. Karani alisikiliza akiwa amefunga mikono kifuani.

Grisi alimfuata stoo, akasimama akifuta vidole kwa kitambaa kichafu kuliko vidole vyenyewe.

"Mama yangu hataki hata kulisikia jina lako," alisema.

"Nitakwenda kumwona mwenyewe."

"Umeniangusha, shemeji."

"Mvua ndiyo iliyokuangusha." Alifunika kalamu yake. "Huko nje watu wanasema nini?"

"Wanasema nimeshindwa."

"Na nini tena?"

Grisi alifikiri. "Basi. Hawasemi kingine."

Karani alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu wiki iliyopita. Mlangoni alitokea Bi Mkasi, mfuko mtupu mkononi. Wahesabu kura walikuwa wameufumua kwa haraka, na nusu ya ule mshono mwekundu ilikuwa bado inaning'inia upande mmoja.

"Dada, samahani. Uchaguzi si umekwisha?"

"Umekwisha."

"Kwa hiyo huu naweza kuumalizia?"

Karani alimtazama Grisi, akamtazama Bi Mkasi, akamsukumia mkasi wa stoo juu ya meza.

"Fumua, Bi Mkasi. Fumua wote."