Kengele ya Meza Yangu Mpya

Juzi, katika ofisi moja hapa Iringa, niliona kichekesho, nami ndimi niliyekuwa kichekesho chenyewe. Miaka yote nimekuwa karani wa meza ya nje. Mkubwa wangu akipiga kengele yake ndani, nainuka, nafunga kifungo cha koti, nakwenda kusimama mbele yake. Sasa amehamishiwa Mbeya, nami nimepandishwa cheo. Nimerithi meza, kiti chenye mikono na kengele ile.

Asubuhi hiyo mama mmoja alikuwa akinisubiri humo ndani, kwenye benchi. Ili ajue yuko kwa mkubwa, nikapiga kengele kwa nguvu kumwita tarishi. Kabla tarishi hajatokea, nilikuwa nimeshainuka mimi. Nikafunga kifungo, nikazunguka meza, nikasimama mbele ya kiti kitupu, mikono nyuma.

Mama akakitazama kiti, akanitazama mimi, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Bwana mkubwa atachelewa?"

"Bwana mkubwa ni mimi, mama," nikasema, nikarudi kukaa.

Akashusha sauti kwa huruma. "Toka hapo, baba. Akikukuta atakufukuza kazi."

Wasomaji wangu, nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka kwamba wa kunifukuza ni mimi mwenyewe.