Maji Hayafiki Hapa

Mie sipendi kusifiwa kwa ajili ya barabara. Watu wakijua kwamba miaka ile ya hamsini nilikuwa mkalimani wa mhandisi aliyechora kipande cha baina ya Pongwe na Muheza, hunipa mkono, ati tumeleta maendeleo. Maendeleo! Kile kipande ndicho kilichomtoa mama yangu nyumbani kwake. Nawaitikia tu, nisionekane mtu wa gubu.

Mhandisi yule, Mzungu, hakuwa mkandarasi. Mkandarasi alikuwa na matingatinga na vibarua. Yeye alikuwa mshauri: kazi yake kuitembea ardhi, kisha aamue barabara ipite wapi, kona ikunje vipi lori lisipinduke, tuta liinuke kiasi gani, na chini ya lami yashindiliwe mawe na changarawe ya unene gani. Akishatia sahihi kwenye mchoro, jambo likiharibika huulizwa yeye. Alinieleza mwenyewe, tumekaa kivulini mwa gari tunamenya machungwa. Akasema kalvati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, ndiyo inayomnyima usingizi. Ikiwa kubwa bila sababu, ataulizwa kwa nini ametupa fedha za serikali. Ikiwa ndogo, maji yakaleta maafa, ataulizwa vilevile. Nilimwonea huruma, wallahi.

Njia ya zamani ilishuka bondeni ikapanda upande wa pili, na masika maji yalipita juu yake yakaenda zake. Mpya ilitakiwa inyooke. Tuta lingekata bonde zima kama ukuta, na maji yote yapenye kwenye kalvati. Upande yanakotoka maji ndiko ilikokuwa nyumba ya mama, ya udongo na makuti, aliyoachiwa na marehemu baba. Mjane yule hakuwa na kingine duniani.

Tulifika kwake asubuhi. Mama akafurahi, akatandika mkeka mpya kibarazani, akaleta kahawa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na mzungu akacheka kwa kuwa neno la mgeni alilijua. Kisha akanitaka nimuulize: masika makubwa, maji hufika wapi?

Mama akatazama paa lake, halafu akanitazama mimi.

"Mwambie hapa hapana neno. Maji hayafiki hapa. Tunamshukuru Mungu."

Nilipokuwa mdogo maji yaliingia hadi chumbani, baba akanipandisha darini pamoja na kuku. Mama alikuwepo, yeye ndiye aliyeshika ngazi! Lakini nilijua kwa nini amesema vile. Kwetu kinywa huumba. Hukai kwenye kibaraza chako, mbele ya mgeni, asubuhi yote ile, ukainenea nyumba yako mafuriko. Huo ni uchuro. Nikatafsiri alivyosema, maana mkalimani hatii chumvi yake, na mwana hamkanushi mama yake mbele za watu.

Lakini tulipofika garini sikuweza kunyamaza. Nikamwambia mhandisi kila kitu, na dari, na kuku. Hakunidharau. Aligeuza gari palepale, tukarudi, akamuuliza mama tena kwa upole. Mama akaniangalia hata nikatamani ardhi inimeze.

"Ndiyo kusema mimi muongo, mwanangu?"

Akawaita majirani. Wakaja wazee wa pale, ami zangu wote, wakaapa mmoja baada ya mwingine kwamba bonde ni salama, maji hulowesha nyayo tu, nani kamletea bwana maneno ya mkosi? Mmoja akanifinya bega: "Acha uchuro, mwana we. Utatuangamiza."

Njiani mhandisi akasema hawezi kuandika neno langu likapingana na la wenyeji wote, na mwenye nyumba akiwa wa kwanza. Ningekuwa yeye, ningefanyaje? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Aliongeza bomba moja kwenye kalvati kwa ajili yangu. Halikutosha.

Barabara ikaisha, nyeusi, nzuri, mabasi yakawa yanapita bondeni bila kupunguza mwendo. Masika ya kwanza yakawa ya manyunyu. Ya pili yakamwaga mvua hasa. Maji yakaja, yakakuta tuta, yakasimama. Yakaanza kurudi nyuma, polepole, kwenye mihogo, kwenye kibaraza, ndani. Majirani walimtoa mama mchana ule amekumbatia kasha lake la nguo. Kuta zililainika kama ugali uliozidi maji, zikakaa chini. Lori za mkonge ziliendelea kupita juu, kavu kabisa.

Mhandisi alikuja maji yalipopungua. Alikuwa amebadilika rangi. Hakutafuta wa kumlaumu. Alisema mchoro ni wake, kalvati itapanuliwa, lakini lazima ajue maji yalifika wapi, mwaka huu na miaka ya nyuma. Hapo ndipo vinywa vikafunguka! Ami zangu wale wale wakashindana: mimi yalinifika kifuani, mimi yalichukua mbuzi, enzi za babu yalifunika mnazi mchanga. Nilitaka niwatukane, nikashindwa, maana wote walikuwa wazazi wangu.

Mama alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mbele ya lile tope lililokuwa nyumba. Mhandisi akavua kofia, akanitaka nimuulize na yeye, kama hatakasirika.

"Mwambie asiogope kuniuliza," mama akasema. "Leo nitamjibu yote. Sina tena cha kukiogopea."

Nikatafsiri alivyosema, neno kwa neno.