Mkubwa Havuliwi Nguo

Profesa, mkuu wa idara ya upasuaji, alikuwa na mkono mwepesi, na alijijua. Msaidizi wake akisita kidogo tu mbele ya mgonjwa, humpokonya kisu. "Sogea, tusije tukakesha hapa," husema, na chumba kizima hucheka. Hata nyumbani alikoroga sufuria ya mkewe bila kuombwa, mpaka mkewe akamwambia kwamba siku akifa atajizika mwenyewe.

Basi chuo kikawaita wakuu wa idara kwenye semina ya uongozi, kila mmoja aje na daktari anayemlea ili siku moja ashike nafasi yake. Profesa akaingia kifua mbele na msaidizi wake, daktari wa kike aliyefanya naye kazi miaka mingi.

Mwendesha semina akamuuliza yule daktari ni upasuaji gani mkubwa aliowahi kuuongoza mwenyewe, mkuu wake akiwa pembeni. Daktari akachezea kamba ya kitambulisho chake, akafikiri.

"Nimejifunza mengi kwa kumtazama Profesa."

Wakuu wengine wakainamia vikombe vyao vya chai. Profesa akahisi masikio yanawaka moto. Hakuna hata upasuaji mmoja: ndivyo alivyosema, na kila mtu alimwelewa.

Walipotoka, alimuuliza kwa nini hakusema wazi.

"Mkubwa havuliwi nguo mbele za watu, Profesa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Aliyepaswa kulelewa ndiye aliyemsitiri mlezi.

Wiki iliyofuata akampa kisu. Katikati ya kazi damu ikachuruzika, na mkono wa Profesa ukanyooka wenyewe. Daktari aliutazama tu. Profesa akaurudisha, akafumbata mikono kifuani, jasho likimlowesha barakoa. Daktari akaufunga mshipa taratibu, akamaliza salama.

Walipokuwa wakinawa, daktari akamweleza kwamba amepata kazi hospitali nyingine, anaondoka mwisho wa mwezi. Alikuwa ameshaamua kabla ya semina. Profesa akampongeza. Kisha akauliza nani afundishwe baada yake.

"Yule mrefu anayesimama nyuma. Ana mkono mzuri."

Profesa alikuwa akimwona kila asubuhi, wodi hadi wodi.

"Anaitwa nani?" akauliza kwa sauti ya chini, bila kuinua macho kutoka kwenye maji.

Daktari akamtajia. Profesa akalirudia lile jina polepole, kama mwanafunzi.