Udongo Mkavu wa Efrazia

Efrazia alikuwa mwanamke asiyependa kuomba. Chumvi ikiisha alipika bila chumvi, na mumewe Venansi akiuliza, aliambiwa ale kwa imani. Lakini kulikuwa na jambo moja aliloliomba, na aliliomba zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza ilikuwa Mishamo, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, siku walipomzika binti yao wa kwanza, Happy, aliyechukuliwa na homa kabla hajajifunza kutembea. Wakiwa njiani kutoka makaburini, Efrazia alisimama, akamshika mumewe mkono.

"Venansi, mimi unizike kwetu. Mahali ambapo hatutaambiwa tuondoke tuwaache wafu wetu."

Venansi aliahidi. Ilikuwa rahisi kuahidi, maana kwao kwenyewe alikuwa hapajui. Alivuka mpaka mwaka sabini na mbili mgongoni mwa mama yake, mtoto wa kunyonya, wakikimbia mauaji kutoka Mwakiro, mkoa wa Muyinga, Burundi. Wazazi wa Efrazia walikuwa watu wa Itaba, upande wa Gitega, na yeye alizaliwa hukohuko ukimbizini. Nyumbani walipajua kwa masimulizi tu. Baba yake Venansi alikuwa na desturi ya kuutaja mlima wao kila jioni baada ya kula, mlima na kijito na majirani, kwa mpangilio uleule, mpaka watoto wakamaliza wenyewe sentensi zake. Alikufa bila kupaona tena.

Yule mzee alitaja mengi, lakini hakuwahi kuwaambia watoto ni wapi watu wa kwao hujenga. Nani angefikiria kumfundisha mtoto jambo kama hilo? Watoto wakakua na akili ya Mishamo, na Mishamo maji ndiyo yaliyokuwa mali. Kiangazi kikikaza, wanawake walipanga foleni kisimani kabla ya jogoo, wakagombana, wakavunjiana ndoo. Aliyepewa shamba karibu na bonde alionewa wivu na kambi nzima. Liwekwe akilini hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kuwaponza.

Walirudi Burundi mwaka elfu mbili na tisa, Efrazia akiwa amemshika mkono mtoto wao Elias, na magodoro yao kwenye lori. Pale Mwakiro, kwenye shamba la baba yake Venansi, walimkuta Nazario. Si kwamba Nazario alikuwa mwizi. Baba yake alipewa lile shamba lilipokuwa halina mtu, na Nazario akachunga mbuzi hapo, akamwolea hapo mke wake Letisia, akazaa hapo. Angekwenda wapi?

Kesi kama hizo zilikuwa nyingi miaka ile. Zilisikilizwa na bashingantahe, wazee wanaosuluhisha watu wa mlima, na kwao kaburi ndilo lililokuwa shahidi mkubwa. Aliyeweza kuonyesha kaburi la babu yake aliondoka na shamba lake. Venansi alijua kwamba babu yake alizikwa hapo, baba yake alilitaja kila jioni, lakini hakujua ni upande gani. Wazee wakamgeukia Nazario, wakamuuliza kama amewahi kuona kaburi la kale. Nazario aliangalia miguu yake, akasema hajawahi. Basi wakaligawa shamba nusu kwa nusu, ua wa minyaa ukapandwa katikati, na Venansi kama mwenyeji aliyerudi akapewa kuchagua kwanza.

Nusu ya juu ilikuwa udongo mwekundu, mawe, na upepo. Ya chini ilikuwa udongo mweusi laini, majani mabichi hata Julai. Venansi alichagua ya chini kabla mzee hajamaliza kuuliza. Wazee wakatazamana. Yeye akadhani ni wivu.

Mlima mzima ulikuwa umejengwa juu. Huko bondeni watu walishuka kulima, jioni wakapanda na ndoo vichwani. Venansi alipowatazama aliona watu wajinga wanaojitesa. Akafunga kamba kwenye vijiti, akaanza kupima nyumba yake hukohuko chini, karibu na mahali atakapochimba kisima. Nazario akashuka, akasimama pembeni muda mrefu.

"Jirani," akasema, "mi nakuambia tu. Hapa chini watu hawajengake. Maji iko inalala chini ya udongo. Kuna mwaka inaamukaka."

"Nikajenge wapi, mzee Nazario? Juu kwako?"

"Sijasema hivyo."

"Basi niache nijenge kwangu."

Nazario akakunja mikono ya shati lake, akapanda zake. Jioni Venansi alimsimulia mkewe kwa hasira: yule mtu anataka kututisha tuondoke, akichukue na hiki kipande. Efrazia alikuwa anachambua maharage. Akauliza, "Na kama anasema kweli?" Venansi akamwambia hajui watu. Huyu Venansi alikuwa fundi mzuri wa matofali na baba mwema, lakini akishaamua jambo alitia pamba masikioni, na pamba yenyewe ilikuwa nyingi.

Kwa miaka kadhaa alionekana ndiye mwenye akili. Kisima kilipata maji kabla mchimbaji hajazama kichwa. Migomba ilinenepa. Warejeaji wengine walijenga jirani naye, wakawa mstari wa nyumba za matofali mabichi hapo bondeni. Kiangazi, Letisia alishuka na ndoo zake kuchota kwa Efrazia, kwa kuwa chemchemi ya juu ilipungua. Efrazia hakumkatalia hata siku moja. Waume zao walisalimiana kwa kichwa tu, lakini wao wawili walikaa ukingoni mwa kisima wakiongea mpaka ndoo zikasahaulika.

Kisha ukaja msimu ambao mvua ilianza Septemba na haikupumzika hadi Mei. Wote walikitazama kijito, kikijaa na kushuka, hakikuwafikia. Venansi akasema wamepona. Mvua ikakata, jua likawaka, na ndipo maji yalipokuja. Hayakuja kwa kelele. Kisimani yalipanda mpaka Efrazia akayachota kwa kikombe, akainama tu na kuchota, akacheka kidogo halafu akaacha kucheka. Mikeka ikaota ukungu. Choo kikajaa chenyewe, na baada ya hapo kisima kikaanza kunuka, ikabidi sasa yeye ndiye apande na ndoo kwenda kuchota kwa Letisia.

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Efrazia aliweka kiganja sakafuni, akakibonyeza, akakitazama. Kilirudi na maji. Aliwaonyesha Venansi na Elias, akajifuta kwenye kitenge. Kuta zilianza kulainika kutoka chini, kama mkate uliochovywa kwenye chai, na nyumba ya jirani upande wa kijito ikaanguka mchana kweupe, jua likiwaka. Watu wa tarafa walikuja, wakaangalia, wakasema watu wahame. Waende wapi, hilo hawakulisema.

Efrazia alikuwa na kifua tangu Mishamo, na ule unyevu ukakimaliza. Hospitali ya Muyinga walimpa dawa na kumwambia alale mahali pakavu. Alirudi akalala juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, maji yakimetameta chini yake. Siku za mwisho aliongea kidogo. Lakini lile ombi lake alilirudia, na safari hii alikuwa ameliongezea.

"Baba Elias, ulisema utanizika kwetu."

"Ndiyo, mama Elias."

"Usinilaze kwenye maji."

Venansi akajibu kwamba hatamlaza kwenye maji. Alitoka nje, akasimama kwenye udongo wake mweusi aliouchagua mwenyewe, na kwa mara ya kwanza aliogopa ahadi yake. Efrazia akafa mwezi wa Juni, anga ikiwa safi, bila wingu hata moja.

Vijana wa kanisa walikuja na majembe. Walianza nyuma ya nyumba, alipopanga Venansi, chini ya migomba. Walipofika magotini udongo ukaanza kutoa jasho, walipofika mapajani shimo likawa dimbwi. Wakahamia juu kidogo. Wakachimba tena, wakakuta maji tena. Elias, sasa kijana mwenye ndevu, alikuwa anachimba na kulia pamoja. Shimo la mwisho walilichimba kwenye ua wa minyaa, mpakani kabisa, wakafika kiunoni kukiwa kukavu, wakaanza kupeana moyo. Kisha maji yakaingia polepole kutoka upande mmoja, meusi, yakatulia.

Waombolezaji waliacha kuimba. Mwili ulikuwa ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyejua itasimama hadi lini. Mchungaji akamwambia Venansi kwa sauti ya chini kwamba tarafani kuna makaburi ya wote, wampeleke huko, Mungu anaelewa.

"Mungu anaelewa," Venansi akasema. "Mama Elias hataelewa."

Akatazama juu ya ule ua. Upande wa pili udongo ulikuwa mwekundu, na vumbi lilikuwa linaruka. Alijua anachotakiwa kufanya, na alijua uzito wake. Pale mlimani huwezi kumwomba mtu mahali pa kuzika halafu iwe ni mahali pa kuzika tu. Kaburi ni shahidi. Ukizika kwa mtu, wajukuu zako wana pa kuonyesha kidole. Ndiyo sababu watu waligawiana maharage, mbegu, hata moto, lakini kaburi kila mtu alichimba kwake.

Akapita kwenye ua, minyaa ikamchubua mikono. Nazario alikuwa amesimama mlangoni pake, amevaa koti la kanisani, kama mtu aliyekuwa tayari muda mrefu. Mwanawe Sebastiani alikuwa pembeni yake.

"Mzee Nazario," Venansi akasema, "uliniambia. Nikakusikia vibaya. Nipe mahali nimlaze mke wangu. Sitaweka msalaba. Sitaweka alama yoyote."

Nazario alichukua jembe lililoegemea ukutani, akatembea, akavuka bustani yake ya mihogo mpaka kwenye mawe fulani yaliyofunikwa na majani, mawe ambayo Letisia alikuwa akianikia nguo. Akapiga jembe kando ya mawe hayo.

"Chimba hapa," akamwambia Elias, aliyekuwa amemfuata baba yake. "Pale usiguse. Pale iko mzee wenu. Baba wa babu yako."

Venansi aliyatazama yale mawe. Yalikuwa yamepangwa, hakuna wa kukosea, yamepangwa kwa mikono.

"Papa," Sebastiani akasema kwa Kiswahili cha sokoni, "we unajua unafanya nini? Kaburi ni shahidi. Kesho hawa watasema hapa ni kwao."

"Watasema ukweli," Nazario akajibu. "Shahidi alikuwa hapa siku zote. Mi ndiye nilimunyamazisha." Kisha akamgeukia Venansi, macho yake mekundu. "Mama Elias alitupatia maji miaka yote. Kila nilipokunywa, nilikumbuka haya mawe."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Nazario alimwambia ukweli kuhusu maji, asiuamini. Akamwambia uongo kuhusu kaburi, akauamini. Hasira ilimpanda Venansi. Alifikiria miaka yote ile, sakafu inayolia maji, kifua cha mkewe, na nyumba ambayo ingeweza kujengwa hapahapa juu, penye upepo. Nazario alisimama akingoja, kama mtu anayengoja kupigwa. Huko chini wanawake walikuwa wameanza tena kuimba.

"Mzee Nazario," Venansi akasema hatimaye, "haya ya shamba tutayasema siku nyingine. Mama Elias anasubiri."

Wakachimba kwa zamu, Elias, na vijana wa kanisa, na Nazario mwenyewe akiwa amevua koti. Sebastiani alisimama mbali muda mrefu, kisha akaja, akampokea baba yake jembe. Walipita magotini, wakapita kiunoni, wakafika mabegani. Kila mara mchimbaji akisimama, watu walinyoosha shingo kutazama chini.

Walipomaliza, Venansi aliomba ashuke mwenyewe. Walimshusha kwa mikono. Akapiga magoti mle chini, akaweka kiganja kwenye udongo, akakibonyeza kwa nguvu, kama Efrazia alivyobonyeza sakafu kila asubuhi. Akakiinua, akakitazama. Kilikuwa na vumbi jekundu.

"Ni pakavu," akawaambia waliokuwa juu, na hapo ndipo alipolia.